Masaka ya Honduras

Nyanchama alikuwa na miaka thelathini na minne alipoanza kusoma maisha ya Walatino, na mpaka siku aliyojiandikisha hakuwa amewahi kukutana na Mlatino hata mmoja.

Alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno mtaani Al Sadd. Alikuwa amefika Doha kutoka Keroka, Kisii, miaka tisa kabla ya hapo, akaanza kwa kufagia, akapandishwa kuwa mpika chai, na siku moja msichana wa mapokezi alipojifungua kabla ya wakati, Nyanchama akaambiwa akae kwenye kiti kile kwa wiki moja tu. Hakuinuka tena. Beji yake ya kwanza iliandikwa Nancy, kwa kuwa msimamizi alidai jina Nyanchama halitoshei, ingawa daktari wa chumba cha pili aliitwa Venkatasubramaniam na lake lilikuwa limetoshea bila shida.

Alikuwa mchapakazi, msafi, na mwenye kumbukumbu kali. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuweza kusema hajui. Mgonjwa akiuliza kama kung'olewa jino kunauma, alijibu. Akiuliza kama kesho kutakuwa na vumbi, alijibu pia, kwa sauti ileile.

Jioni, baada ya kazi, alisoma mawasiliano katika tawi la chuo kimoja cha Marekani, kozi mbili kila muhula. Mwaka wa pili ulipoanza, aliambiwa kwamba kando ya somo kuu lazima achague somo dogo, la kozi tano. Alitaka biashara, lakini biashara ilikuwa imejaa. Karani akaitazama kompyuta yake kwa muda mrefu.

"Zimebaki nafasi kwenye takwimu," akasema, "na kwenye tamaduni na maisha ya Walatino."

Nyanchama aliwahi kuonana na takwimu shule ya upili, na hawakuachana vizuri.

"Niandike kwa Walatino."

"Unajua ni somo linalohusu nini?"

"Najua," akasema Nyanchama.

Usiku huo huo alimpigia mama yake Keroka kumpa habari, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Simu ilikuwa ikikatikakatika. Nyanchama alisema "Walatino", mama akasikia "Kilatini", na kabla ya Jumapili kwisha parokia nzima ilikuwa imetangaziwa kwamba bintiye Mama Nyanchama yuko Uarabuni anasoma lugha ya Mapapa.

"Mama, si Kilatini. Ni watu. Wanaitwa Walatino."

"Watu wanaozungumza Kilatini," akasema mama. "Nimeelewa, mwanangu. Mimi si mjinga."

Wiki mbili baadaye katekista alimtumia picha ya kengele kuukuu ya kanisa. Ilikuwa na maneno yaliyochongwa ukingoni, na tangu wamisionari waondoke hakuna aliyejua maana yake, ila waumini walikuwa na desturi ya kugusa maandishi hayo wakiomba mvua. Katekista aliomba tafsiri. Mtu mwingine angejibu kwamba pametokea kutoelewana. Nyanchama alijibu: "Nipe siku mbili."

Aliokolewa na Gonzales, Mfilipino aliyetengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha kliniki. Ujanani Gonzales alikaa seminarini miaka mitatu kabla ya kugundua kwamba anampenda mpishi. Aliiangalia picha, akaipanua kwa vidole viwili, akacheka kidogo.

"Inasema ilitengenezwa na kiwanda cha ndugu wawili, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane."

"Basi?"

"Basi. Na jina la mji."

Nyanchama aliituma tafsiri hiyo kama ilivyo. Katekista alijibu kwa upole kwamba huenda Kilatini chake bado hakijakomaa, na kwamba wangesubiri amalize mwaka.

Darasani palikuwa na wanafunzi wanane. Mwalimu wao, Profesa Ybarra, alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Alizaliwa Texas, na babu na nyanya zake walitoka Mexico. Siku ya kwanza aliwaeleza kwamba Walatino ni watu wenye asili ya nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati na visiwa vyake, wanaoishi Marekani. Wengine walihamia huko, na wengine walikuwa wametulia kwao pale mpaka wa Marekani ulipowafikia. Akawagawia vitabu.

Nyanchama alikuwa amejiandaa kuchoka. Badala yake, akiwa kitandani kwake Al Rayyan katika chumba alichoishi na wenzake watatu, alisoma kurasa arobaini kuhusu mama aliyewalea watoto wake kwa simu kwa miaka kumi na miwili, kisha akafunga kitabu na kutazama jalada, kuhakikisha kwamba hakijaandikwa na mtu anayeishi chumba cha pili.

Tatizo lilikuja wiki ya tano. Profesa alitoa kazi: kila mwanafunzi amtafute mtu mwenye asili hiyo aliyewahi kuishi Marekani, akae naye mara tatu, ale naye, aandike maisha yake, kisha ayawasilishe mbele ya darasa.

"Hapa Doha?" mwanafunzi mmoja akauliza.

"Hapa Doha," akasema profesa. "Wapo. Ulizeni."

Mtu wa kuuliza, kwa upande wa Nyanchama, alikuwa Kevin. Kevin alikuwa Mkenya wa Kitale, dereva wa gari la kukodi, na alijisifu kwamba hakuna taifa ambalo halijawahi kuketi kwenye kiti chake cha nyuma. Nyanchama alimweleza shida yake, naye akasema apewe siku tatu.

Siku ya pili akapiga simu. "Sista, nimekupatia. Na sikuenda mbali. Kazini kwako si kuna jamaa anaitwa Gonzales?"

"Huyo ni Mfilipino."

"Na jina je?"

"Ni Mfilipino, Kevin. Tunakunywa chai naye kila siku."

"Unywe, lakini umuulize vizuri."

Kevin hakukata tamaa. Siku ya nne alimpeleka kwa fundi cherehani aliyeitwa Fernandes, nyuma ya maduka ya Al Sadd. Nyanchama alikaa kwenye stuli karibu saa nzima akiandika maisha ya mzee yule: mama mcha Mungu, samaki, kanisa jeupe juu ya kilima, mnazi uliomwangukia mjomba. Alipouliza ni nchi gani hiyo, mzee akashangaa.

"Goa, India. Kwani ulidhani wapi?"

"Nilijua," akasema Nyanchama, akafunga daftari.

Hata hivyo alipeleka majina hayo mawili darasani, na profesa alifurahi kuliko alivyotarajia. Kipindi kizima walizungumzia jinsi Wahispania na Wareno walivyogawa majina yao ulimwenguni kama mtu anayegawa vipeperushi, ndiyo maana Doha ina akina Santos na akina Pereira wasiohesabika. Mwisho wa kipindi profesa akamwambia kwamba mchango wake ni mzuri sana, na kwamba bado anahitaji Mlatino.

Akapatikana Ijumaa moja, kwa sababu ya uendeshaji mbaya wa Kevin. Alikuwa amewachukua abiria wawili kutoka The Pearl, mtaa wa matajiri: bibi mzee na msichana wa Kiganda aliyemtunza. Kevin alipokata kona, bibi akatoa rozari. Alipokata ya pili, bibi akaanza kusali kwa sauti, na Kevin, aliyewasikia Wafilipino wakisali na Wagoa wakisali, akajua kwamba lugha ile haikuwa ya yeyote kati yao. Akauliza. Msichana akamwambia bibi ni mzaliwa wa Honduras, ameishi Houston miaka thelathini na mmoja, na sasa amekuja kukaa na binti yake ambaye ni mhandisi wa gesi. Kevin akaegesha gari palepale ili apige simu.

"Huyu sasa ni orijino," akasema. "Ameniita mnyama kwa Kihispania."

Nyanchama alikwenda The Pearl Ijumaa iliyofuata akiwa amevaa suti ya kazini, na sanduku la halua mkononi. Mlango ulifunguliwa na yule msichana wa Kiganda, jina lake Shamira, na nyuma yake bibi mwembamba wa miaka sabini na mbili, Doña Elvira, yaani Bi Elvira. Wote wawili walikuwa wameshika mpini wa mopu moja.

"Karibu dada," akasema Shamira bila kuachia. "Ngoja kidogo tumalize hii."

Ilibainika kwamba ugomvi ule ulikuwa wa kila siku. Doña Elvira alikuwa amesafisha nyumba za watu Houston miaka ishirini na saba, na hakuweza kukaa kwenye sofa akimtazama binti wa mtu akipiga deki. Shamira naye alikuwa ameajiriwa kupiga deki, na aliogopa kwamba bosi wake, yaani binti wa bibi, angerudi siku moja amkute mama yake amepiga magoti kwenye sakafu. Kwa hiyo Shamira aliamka mapema ili amtangulie bibi, na bibi akaamka mapema zaidi. Sasa walikuwa wanaamka saa kumi alfajiri.

Kiingereza cha Doña Elvira kilikuwa kidogo, na Kihispania cha Nyanchama kilikuwa maneno thelathini. Lakini Shamira, kwa miaka miwili ya kushindana na bibi, alikuwa amekishika Kihispania sawasawa. Alimwita bibi Jjajja, yaani nyanya, kama wanavyosema kwao Buganda, na bibi alimwitikia. Wakakubaliana: Nyanchama atauliza kwa Kiswahili, Shamira atapeleka, bibi atajibu, Shamira atarudisha.

"Muulize alifikaje Marekani," akasema Nyanchama, kalamu tayari.

Shamira akauliza. Doña Elvira akavuta pumzi, akaeleza. Alieleza kwa dakika sita. Alionyesha mto kwa mkono, akaonyesha maji yalipofika, akafuta jicho, akacheka, akaonyesha kiatu kimoja kikienda zake.

"Anasema safari ilikuwa ngumu," akasema Shamira.

Nyanchama akasubiri. "Ni hayo tu?"

"Na kiatu kilipotea."

"Haya. Muulize kazi ya kwanza aliyofanya."

Bibi akajibu kwa maneno manne. Shamira akamgeukia Nyanchama, akakaa vizuri, akaeleza kwa dakika kumi: nyumba ya ghorofa mbili, mama mwenye nyumba aliyekuwa akihesabu mayai kwenye friji, mtoto mdogo aliyekataa kula mpaka aimbiwe, na jinsi mama huyo alivyomwita jina lisilo lake tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Nyanchama aliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Hapo kwenye jina aliinua kichwa.

"Alimwita nani?"

Shamira akauliza. "María," akasema bibi mwenyewe. "Todas María." Wote ni María.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Nyanchama akasema kwamba yeye alikuwa Nancy kwa mwaka mzima. Shamira akapeleka, na Doña Elvira akamshika Nyanchama mkono akauweka juu ya goti lake, ukakaa hapo mpaka chai ilipoisha.

Ziara ya pili ilikuwa ya kupika. Doña Elvira alikusudia kutengeneza tamale za kwao, unga wa mahindi wenye nyama ndani, unaofungwa kwa jani la mgomba na kuchemshwa. Majani yalinunuliwa kwenye duka la mtu mmoja wa Sri Lanka, yakiwa yamegandishwa kama mbao. Shamira, ambaye kwao hufunga kuku kwa majani hayohayo, aliona bibi anavyokunja akatikisa kichwa. Bibi akafungua alichofunga Shamira. Shamira akafungua alichofunga bibi. Nyanchama, aliyekulia kwenye migomba ya Kisii lakini hajawahi kufunga chochote kwa jani lake, akaulizwa nani yuko sahihi, naye, kwa kuwa hakuweza kusema hajui, akasema wote wanakosea na kuwaonyesha namna ya tatu. Walipofunua sufuria baada ya saa mbili, tamale za Nyanchama zilikuwa zimegeuka uji. Walizila kwa kijiko.

Mwezi uliofuata aliwasilisha rasimu ya kurasa kumi na nane. Profesa Ybarra alimwita ofisini. Alikuwa amevaa miwani, jambo lililomaanisha kwamba hali ni mbaya.

"Ni kazi nzuri," akasema profesa. "Nimelia ukurasa wa saba. Ila nisaidie jambo moja. Umeandika kwamba Doña Elvira alipoondoka kwao alimwacha mtoto wa miaka minne kwa shangazi yake, Masaka."

"Ndiyo."

"Nimetafuta kwenye ramani ya Honduras. Masaka iko wapi?"

Nyanchama akaitazama rasimu yake. Hata wakati huo mdomo wake ulikuwa umeanza kusema ni upande wa kaskazini. Akaufunga.

"Sijui," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza, na alishangaa kwamba paa halikuanguka.

Ziara ya tatu haikuwa ya kula. Nyanchama aliweka daftari mezani na kumwambia Shamira wapitie sentensi moja baada ya nyingine. Mama aliyehesabu mayai hakuwa wa Houston. Alikuwa mwajiri wa kwanza wa Shamira hapahapa Qatar. Mtoto aliyekataa kula alikuwa wa mwajiri huyo. Ng'ombe aliyeuzwa ili kupata nauli alikuwa wa baba yake Shamira. Jina María kweli alibandikwa Doña Elvira, lakini Shamira naye alikuwa ameitwa Fatma miezi kumi na minane.

"Shamira, mbona ulinifanyia hivi?"

Shamira alikuwa akikunja taulo ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Dada, mimi sikudanganya. Wewe uliuliza nani aliacha mtoto nyumbani. Jjajja aliacha wa miaka mitatu, kwa mama yake. Mimi niliacha wa miaka minne, kwa shangazi, kwetu Masaka. Nikaona ni swali moja, nikajibu pamoja." Akaliweka taulo mezani. "Na hakuna mtu aliwahi kuniuliza mimi. Wewe ulikuwa na kalamu."

Doña Elvira alitaka kujua wanasema nini. Shamira akamweleza, safari hii kwa uaminifu wote, maana ilichukua muda mrefu. Bibi akamtazama Nyanchama, akasema maneno machache.

"Anasema uache," Shamira akatafsiri. "Anasema ni hivyohivyo. Ila ng'ombe uondoe, yeye hakuwa na ng'ombe na majirani wataona anaringa."

Nyanchama aliandika upya kwa wiki mbili. Safu ya kushoto akaweka maisha ya Doña Elvira, ya kulia ya Shamira, na pale yalipofanana hata mtu asijue ni ya nani, akaandika katikati. Ng'ombe akarudishwa Masaka.

Siku ya kuwasilisha aliwaalika wote wawili. Kevin aliwaleta kwa mwendo wa pole kabisa, akiwa ameahidi hivyo mbele ya rozari. Doña Elvira alikuwa amevaa gauni la bluu na hereni, akakaa safu ya mbele, na Profesa Ybarra akasimama kumkaribisha kwa Kihispania. Alikuwa ameandika hotuba fupi. Katikati ya sentensi ya pili bibi akainua kidole, akamsahihisha. Profesa akashukuru, akaendelea. Bibi akainua tena. Kufikia sentensi ya tano darasa lilikuwa limeacha kupumua, kwa sababu bibi hakuwa na nia mbaya hata kidogo, na ndiyo maana hakuacha.

Profesa akakunja karatasi yake.

"Mama yangu alichapwa shuleni, Texas, kwa kuzungumza Kihispania uwanjani," akasema kwa Kiingereza. "Akaapa sisi hatutachapwa. Kwa hiyo hakutufundisha. Hiki nilichonacho nilikisoma chuoni, kama mgeni."

Nyanchama alikuwa na picha zake ishirini tayari ukutani na maelezo aliyoyakariri siku nne, lakini alijikuta anazungumzia Keroka. Akawaeleza kwamba shuleni kwao mtoto aliyesikika akisema Ekegusii, lugha ya nyumbani, alivishwa kipande cha mbao shingoni, wakikiita monita, na hakukivua mpaka amsikie mwenzake akikosea ili amvishe yeye. Yeye, ambaye kwao hakuna aliyejua Kiingereza, alikivaa muhula mzima wa darasa la tatu. Alijifunza kujibu upesi kwa Kiingereza chochote kilichopatikana, kiwe na maana au kisiwe.

"Mpaka leo," akasema, na wanafunzi wakacheka, kwa kuwa walishamjua.

Shamira alikuwa akimnong'onezea bibi yote hayo sikioni. Doña Elvira akauliza swali kwa sauti, na Shamira akalitafsiri mbele ya watu, akiwa amesimama wima kama mkalimani wa mikutano mikubwa: "Jjajja anauliza, hiyo mbao ilikuwa kubwa kiasi gani?" Nyanchama akaonyesha kwa mikono. Bibi akatikisa kichwa, akasema kwamba kwa mtoto wa darasa la tatu hiyo ni kubwa mno.

Alipata alama nzuri, si ya juu kabisa. Profesa alimkata alama kwa kwenda nje ya mada ukurasa wa kumi na moja hadi wa kumi na sita, ambazo ndizo kurasa za Masaka, kisha akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba kurasa hizo zisiondolewe. Siku hizi kila Alhamisi profesa huenda The Pearl kufundishwa Kihispania. Doña Elvira humfundisha bila huruma.

Mwezi wa Aprili Shamira alipata likizo, akaenda kumwona mwanawe, ambaye sasa ana miaka tisa na ni mrefu kuliko alivyodhani. Akiwa huko, jino la bandia la Doña Elvira lilivunjika kwenye korosho. Binti yake alitaka kumpeleka hospitali, lakini bibi alikataa, akasema ana mtu wake Al Sadd. Kevin akamleta.

Nyanchama alimwona akiingia, akatoka nyuma ya meza yake kumpokea. Alikuwa ameshafika maneno mia mbili ya Kihispania na alitaka bibi aone. Akamwonyesha kiti kwa mkono, akamwambia kwa heshima zote, "Lo siento, Doña Elvira. Lo siento."

Bibi akasimama palepale. Akauliza, polepole, ili aeleweke, "¿Quién se murió?"

Nyanchama alilijua neno hilo la mwisho: kufa. Alikuwa amekusudia kumwambia "keti", neno linalokaribiana na hilo alilosema, naye alikuwa amempa pole ya msiba. Gonzales alikuwa amechungulia kutoka chumba cha nyuma, na kwa Kilatini chake alikuwa ameelewa yote; ilibidi ajishike kwenye fremu ya mlango. Doña Elvira akamtazama Gonzales, akamtazama Nyanchama, akaangalia kiti, na uso ukaanza kulegea. Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa leso, kwa sababu ya pengo, na wagonjwa watatu waliokuwa wakisubiri wakajikuta wanacheka naye bila kujua kisa.

Akaketi. Nyanchama akachukua kalamu na fomu, akaandika jina lote, herufi kwa herufi, pamoja na la ukoo wa mama na la ukoo wa baba, kama lilivyokuwa kwenye pasipoti yake, ingawa lilivuka mstari.